Roboti inaanza na hadithi: namna ya kuwalea vijana wa Congo katika ufundi wa mashini

Mwaka 2013, madereva wa Kinshasa walikuta polisi wa namna mpya katikati ya njia panda. Alikuwa na urefu wa karibu metre mbili na nusu, mwili wa aluminiamu, taa nyekundu na za kijani, na alikuwa akitumia nguvu ya jua. Aligeuza kifua, akainua mkono, akawaambia waenda kwa miguu wakati wa kuvuka. Kamera zake zilichukua picha za magari yaliyopita. Hakuchoka na jua, hakukimbia mvua, na hakuomba kitu kwa dereva.

Polisi huyo alikuwa roboti. Aliyeongoza kazi ya kuitengeneza ni Thérèse Izay Kirongozi, injenia Mcongo na kiongozi wa shirika Women Technologies, linalokusanya wanawake wenye kufanya kazi za ufundi. Mwaka 2015, roboti tatu zingine zilisimamishwa katika mji mkuu. Ziliitwa Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 250, na bei yake ilikuwa dola 27.500.

Watu wengi walisimama kuangalia mashini. Swali lenye kufaa zaidi ni hili: mashini hiyo inajibu shida gani? Inajibu shida ambayo kila mkaaji wa Kinshasa anaweza kuisimulia: magari yanayobanana, njia panda isiyo na taa, mama na watoto wanaosubiri pembeni bila kujua wavuke wakati gani. Ukiondoa habari hiyo ya barabarani, inabaki sanamu ya aluminiamu yenye kugeuza mikono.

Somo hilo linawahusu wazazi, walimu na vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia na Lubumbashi wanaotaka kuanzisha vikundi vya roboti. Mara nyingi kikundi kinaanza na kisanduku cha vifaa kilichotoka Ulaya ao China. Watoto wanafuata picha za kitabu, kigari kinatembea, watu wazima wanapiga makofi na picha. Siku betri inakufa, kikundi nacho kinakufa. Kuna njia nyingine, inayoanza na hadithi, inapita katika ufundi, kiisha inarudi kwa hadithi. Njia hiyo haiombi pesa nyingi, lakini inaomba mlezi mwenye uvumilivu.

Neno lililozaliwa katika mchezo wa kuigiza

Neno "roboti" lenyewe halikutoka katika kiwanda. Lilitoka katika mchezo wa kuigiza. Mwaka 1920, mwandishi Karel Čapek wa Czechoslovakia alitoa mchezo unaoitwa R.U.R., juu ya watu wa kutengenezwa wanaofanya kazi zote mpaka siku wanapoasi. Aliyempa neno hilo ni ndugu yake Josef, mchoraji. Alilitoa katika neno la lugha yao, robota, lenye maana ya kazi ya shuruti ambayo watu wa chini walimfanyia bwana wa shamba.

Mcongo haitaji kamusi ili kuelewa neno hilo. Wazee wetu walisimuliwa juu ya mpira wa Leopold, barabara zilizochimbwa kwa fimbo, na mashamba ya pamba ya lazima. Mtoto akijua kwamba neno roboti lina kazi ya shuruti ndani yake, anaweza kuuliza maswali ambayo kitabu cha vifaa hakiulizi: mashini hii inamfanyia nani kazi? Inampunguzia nani mzigo? Inamnyima nani mkate? Injenia anayejua kuunganisha waya bila kuuliza maswali hayo hajamaliza masomo yake.

Kobe wa mtoto wa Pretoria

Mtu aliyefungua njia ya kufundisha watoto kwa roboti alizaliwa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1928. Akiwa mtoto alipenda sana magurudumu ya meno ya ndani ya gari, na baadaye aliandika kwamba hayo ndiyo yalimfungulia hesabu. Alipofika Marekani, katika chuo cha MIT, yeye na wenzake walitengeneza mwaka 1967 lugha ya ordinatere inayoitwa Logo, iliyokusudiwa watoto.

Logo ilikuja kuwa na "kobe": roboti ndogo yenye kutambaa sakafuni na kuchora mstari nyuma yake. Mtoto anaiambia iende mbele hatua kadhaa, igeuke kulia, iende tena. Mtoto anayeshindwa kuchora mraba anasimama yeye mwenyewe, anajifanya kobe, anatembea chumbani na kuhesabu hatua zake. Kwa Papert, kosa halikuwa jambo la kuadhibu. Lilikuwa alama ya kutafuta: kobe amepotea wapi, na nani alimwambia apotee? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Logo ilifika hata Senegal, katika shule za Dakar.

Mzizi wa mafundisho yake ni kwamba mtoto anajifunza sana anapotengeneza kitu ambacho wengine wanaweza kukiona na kukizungumzia. Wazazi wa mashariki ya Congo wanalijua jambo hilo hata bila jina la Papert. Mvulana aliyetengeneza kigari cha waya na vifuniko vya chupa anafahamu uzito na mzunguko kabla mwalimu hajaviandika ubaoni. Na chukudu ya Goma, yenye mbao ngumu na ukanda wa mpira kwenye magurudumu, ni injenia wa kwetu: kila kipande chake kinajibu swali la mlima, la mzigo na la mfuko wa mwenye kuisukuma.

Mfano: kigari kinachonusa mazuku

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho, ili ionekane namna hadithi inavyozaa mashini. Ni mfano wa kufikiri, lakini hatari yenyewe ni ya kweli.

Goma na Sake, watoto wanakua wakisikia neno mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika eneo la volkano. Ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, katika mashimo na mabonde madogo, zaidi sana usiku na asubuhi mapema, kabla upepo na jua havijaitawanya. Haina rangi wala harufu. Imeua mbuzi, mbwa, na watu pia. Wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma wanaifuatilia, na pahali pengine vibao vya kuonya vimewekwa.

Mlezi anaketi na watoto watano. Hakuna kifaa juu ya meza, kuna daftari tu. Anawaomba kila mmoja asimulie alichosikia juu ya mazuku. Mmoja anaweza kusimulia habari hii: mbuzi alianguka katika shimo na kufa, lakini mwenye mbuzi aliyesimama pale juu hakusikia kitu. Hapo mlezi anauliza: pua ya mbuzi iko juu ya ardhi sentimita ngapi? Na pua ya baba yake mtoto? Watoto wanachukua metre na kupima. Wanagundua kwamba watu wawili wanaweza kusimama pahali pamoja na kuvuta hewa mbili tofauti.

Swali linalofuata linauma zaidi: katika nyumba, nani anavuta hewa ya chini? Jibu linakuja bila kuambiwa: mtoto mchanga anayetambaa, na mtu anayelala kwenye mkeka. Kutoka katika hadithi ya mbuzi, kikundi kimepata sharti la kwanza la mashini yao. Kihisi, yaani kile kifaa chenye kupima gesi, hakiwezi kuwekwa ukutani kwa urefu wa macho ya mtu mzima. Kinawekwa chini.

Hadithi inaendelea kutoa masharti. Hatari inakuja usiku: basi taa peke yake haitoshi, kwa sababu aliyelala haioni, na kengele inahitajika. Kuranti inakatika: basi mashini inapaswa kuishi kwa betri. Shimo liko nje: basi kihisi kipande juu ya kigari chenye magurudumu, kiende mbele peke yake, na mtu abaki nyuma pahali pa juu. Watoto wanachora, wanafuta, wanachora tena. Saa nzima imepita, na hakuna aliyegusa waya.

Kiisha inakuja kazi ya injenia, na hapo mlezi hapaswi kudanganya. Sokoni kuna vihisi vya bei ndogo vinavyouzwa kama vya kupima "ubaya wa hewa". Vinastuka kwa moshi wa makala, kwa pombe, kwa harufu ya mafuta, na havipimi sawasawa gesi ya mazuku. Vihisi vinavyofaa vinatumia mwanga wa infraruji: gesi ya kaboni inameza sehemu ya mwanga huo, na kifaa kinahesabu kilichopotea. Bei yake ni kubwa zaidi. Watoto wanaweza kuweka vyote viwili karibu na mbabula na kuona kile cha bei ndogo kikipiga kelele bure. Somo linaingia bila hotuba: mashini inayopiga kelele kila siku itazimwa, na mashini iliyozimwa haiokoi mtu.

Inafuata hesabu. Hewa ya kawaida ina gesi ya kaboni karibu asilimia 0,04. Ikifika asilimia 5 inaanza kuwa hatari kubwa, na kupita asilimia 10 inaweza kumwangusha mtu upesi. Kihisi kingi cha infraruji kinaishia asilimia 0,5. Je, ni kasoro? Watoto wanabishana. Jibu ni kwamba kwa kengele hakuna shida, kwa sababu kazi yake ni kuita mapema, siyo kupima mauti.

Jaribio halifanywi katika shimo la mazuku. Hilo ni katazo lisilo na ruhusa ya pembeni. Linafanywa mezani, mahali penye madirisha wazi. Siki inamwagwa juu ya bikaboneti ndani ya beseni refu, povu linapanda, gesi inajaa chini. Mshumaa mfupi unazimika, mrefu unabaki unawaka. Kihisi kinashushwa polepole, na kengele inalia kabla hakijafika kwenye mshumaa uliozimika. Anayeona jambo hilo kwa macho yake hatasahau kwa nini gesi inaitwa nzito. Na mlezi anasema wazi kwamba kigari hiki ni cha kujifunza, hakichukui nafasi ya vibao wala ya wataalamu wa volkano.

Mwishoni, kikundi kinarudi kwa hadithi. Watoto wanaalika wazazi, na kila mmoja anaeleza sehemu yake kwa Kiswahili. Hapo ndipo mama mmoja anaweza kuuliza swali ambalo hakuna mtoto aliyeliwaza: "Na kama betri imekufa, nitajua namna gani?" Kimya. Mashini iliyokufa na mashini inayosema hakuna hatari zinanyamaza sawasawa. Watoto wanarudi mezani na kuongeza taa ndogo inayopepesa kila baada ya sekunde chache, kusema: bado niko hai. Swali hilo limetoka kwa mtu asiyejua kitu juu ya elektroniki, lakini anayejua kulala na watoto chumbani.

Vifaa vinatoka wapi?

Wengi watasema hayo yote ni ya watu wenye pesa. Ni kweli kwamba vifaa havipatikani kirahisi, na tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Lakini historia ya roboti za bei ndogo inatoa moyo. Mwaka 2012, shirika AFRON lilitangaza shindano la kutengeneza roboti ya shule ya dola 10. Lilikuwa limeanzishwa na Ayorkor Korsah, mwalimu wa chuo cha Ashesi huko Ghana, pamoja na Ken Goldberg wa Marekani. Moja kati ya roboti zilizoshinda, ya Tom Tilley aliyeishi Thailand, ilitengenezwa kutoka kifaa cha kuchezea michezo ya video, na peremende mbili za kijiti ziliwekwa ili kusawazisha uzito. Ilimgharimu chini ya dola 9.

Mwaka 2013, huko Lomé, fundi wa Togo anayeitwa Afate Gnikou alitengeneza mashini ya kuchapisha vitu vya plastiki kwa kutumia mabaki ya skana na ordinatere zilizotupwa.

Katika miji yetu, fundi wa telefone na wa redio ana sanduku la "vitu vilivyokufa". Printa ya zamani ina motere na magurudumu ya meno. Redio ina spika. Betri ya ordinatere ya mkononi mara nyingi bado ina seli zenye nguvu, ila seli za lithiamu zinaweza kuwaka moto: kuzifungua ni kazi ya mtu mzima anayezijua, siyo ya mtoto. Kadi ya elektroniki inayoitwa Arduino, iliyozaliwa Italia mwaka 2005, ina michoro iliyo wazi kwa kila mtu, kwa hiyo nakala zake za bei ndogo ni nyingi. Programu ya Scratch, ambayo MIT ilitoa mwaka 2007, ni ya bure, na inaweza kutumika bila intaneti baada ya kuwekwa mara moja kwenye ordinatere.

Kazi ya mlezi

Kazi ngumu zaidi ya mlezi ni kuweka mikono mfukoni. Mtoto akishindwa kufunga gurudumu, mtu mzima anatamani kuchukua bisibisi na kumaliza. Akifanya hivyo, kigari kitatembea siku hiyo, lakini mtoto atajifunza kwamba kushindwa kwake kunamwita mtu mkubwa. Mlezi mzuri anauliza: ulitaka ifanye nini? Imefanya nini? Tofauti iko wapi? Maswali hayo matatu yanatosha kwa siku nyingi.

Kazi ya pili ni lugha. Shule inafundisha kwa Kifaransa, na maagizo ya programu nyingi ni ya Kiingereza. Mtoto anaweza kukariri maneno yote mawili bila kuelewa. Akiandika kwanza katika daftari, "kama giza limeingia, washa taa, kama siyo, zima", ameshaandika programu. Kuipeleka katika ordinatere ni kazi ya kutafsiri tu. Na mtoto asiyeweza kumweleza bibi yake namna kengele inavyofanya kazi, bado yeye mwenyewe hajaielewa.

Kazi ya tatu ni kugawa nafasi. Katika vikundi vingi, wavulana wanachukua waya na wasichana wanapewa daftari la kuandika, ao kazi ya kueleza kwa wageni. Dawa ni kubadilishana: juma hili wewe ni fundi, juma lijalo ni msimuliaji, baadaye mchoraji. Kila mmoja apite kila pahali. Inchi ambayo roboti zake mashuhuri zimetokana na uongozi wa mwanamke haina sababu ya kuwaacha mabinti pembeni. Karibu na Lubumbashi, shule ya Malaika ya Kalebuka, iliyoanzishwa na Noëlla Coursaris Musunka, inafundisha wasichana bure, na ordinatere ni sehemu ya masomo yao.

Mashindano si mwisho wa safari

Vijana wengi wanaota kusafiri. Tangu 2017, FIRST Global, shindano lililoanzishwa na mvumbuzi Mmarekani Dean Kamen, linaalika kila mwaka timu moja ya vijana kwa kila inchi. Kila mwaka lina habari yake: maji safi mwaka 2017 huko Washington, nishati mwaka 2018 huko Mexico, bahari mwaka 2019 huko Dubai. Hata huko, roboti inaingia uwanjani ikiwa imebeba hadithi.

Lakini mwaka 2017 ulionyesha pia upande mwingine. Mabinti wa Afghanistan walinyimwa visa mara mbili kabla ya kuruhusiwa dakika za mwisho. Na vijana sita wa Burundi, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, walipotea baada ya shindano; wawili kati yao walionekana wakivuka kwenda Canada. Si kazi ya mtu kuwahukumu watoto hao. Lakini mlezi anayewaambia vijana kwamba faida ya roboti ni tiketi ya ndege, asishangae wakiisoma hivyo. Kikundi ambacho lengo lake liko mtaani kina sababu ya kukutana tena baada ya shindano, hata kama visa imekataliwa.

Na shida za mtaani hazikosekani. Uvira haijasahau usiku wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba: kuelea kwa plastiki, waya mbili na kengele vinaweza kufundisha kupima maji yanayopanda. Bukavu inajua moto wa Kadutu, pahali nyumba za mbao zinashikana bega kwa bega. Bunia na Butembo zina kahawa ya kukausha, ambayo mvua ya ghafla inaiharibu. Kila moja ya habari hizo ina mashini ndani yake, inayosubiri mtoto wa kuisimulia na mtu mzima wa kumsikiliza.

Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na koltani ya Kivu inaingia katika vifaa vya elektroniki pahali pengi. Madini hayo yanapita mbele ya milango yetu yakiwa ndani ya mifuko, yanarudi miaka michache baadaye yakiwa ndani ya visanduku vyenye picha za kufuata. Kati ya mfuko na kisanduku kuna kazi ya watu walioanza wakiwa watoto, mbele ya mtu aliyewauliza maswali.

Kwa anayetaka kuanza Jumamosi ijayo, mahitaji si mengi: watoto watano, meza moja, daftari, metre ya kupimia, na redio iliyokufa ya kufungua. Ordinatere inaweza kusubiri mwezi wa pili. Swali la siku ya kwanza ni moja tu: nyumbani kwenu, ni kitu gani kinamsumbua mama kila siku? Kila mtoto asimulie, na wengine wasimkate neno mpaka amalize.